Jamaa wa Songea Aliyefumua Sabufa Mpya Juu ya Kitanda: Chizi, au Kaona Mbali?

Kuna picha imezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya Songea. Sabufa mpya kabisa, nailoni ya dukani bado imeshika upande mmoja, imelala chali kitandani, imefumuliwa, waya ziko nje kama kuku anayetolewa utumbo. Pembeni kuna laptopu kuukuu na kifaa cha kuchomelea risasi. Chini ya picha, mwenye kitanda, yaani mchumba wa jamaa, kaandika maneno sita tu: "Hela ya draya yangu hiyo jamani."

Basi. Watu hawakulala. Wengine wakasema jamaa karogwa. Wengine wakasema mwanaume wa hivyo ni wa kukimbia mapema kabla hajaanza kufumua na friji. Washkaji wake wa Lizaboni, ambao kila wikendi wanakwenda kwake kunywa soda na kusikiliza ngoma, nao wakacheka, tena wao ndio waliocheka zaidi.

Lakini hii stori ina pande zaidi ya moja, na upande unaochekwa siyo wenye kosa.

Jamaa alitaka nini hasa?

Ukiingia duka lolote la elektroniki, boksi la sabufa limeandikwa namba za kutisha. Wati elfu tano, wati elfu nane. Namba hizo huwa zimeandikwa PMPO, kitu ambacho ukikipeleka kwa fundi yeyote atacheka. Ni hesabu ya matangazo. Inayohesabika ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kufa. Na kama boksi halisemi RMS, geuza sabufa uangalie nyuma inakula umeme kiasi gani. Mashine inayokula wati 60 ukutani haiwezi kukutolea wati 5,000 mfululizo. Hakuna uchawi huo.

Jamaa aliipenda bezi. Ilimpiga kifuani vizuri tu. Shida ilikuwa kwa mwimbaji. Kila anayeimba alisikika kama anaimbia ndani ya ndoo. Maneno hayashikiki. Na jamaa huyu kakulia upande wa Peramiho, kaona lizombe likipigwa uwanjani, anajua ngoma ikipigwa kuna mkono unaogonga ngozi kwanza, halafu ndiyo mvumo unafuata. Kwenye sabufa yake mkono haukuwepo. Ulikuwepo mvumo mtupu, buuu, mwanzo mwisho.

Mtu mwingine angeongeza sauti. Yeye akachukua bisibisi.

Alichokikuta ndani

Kwa asiyejua: spika moja haiwezi kazi zote. Wufa ni nzito, inasukuma hewa nyingi, hiyo ni ya bezi. Twita ni nyepesi, hiyo ni ya sauti kali. Katikati yao anatakiwa awepo mtu wa kupanga, na huyo ndiye anaitwa krosova. Mfikirie kama konda pale stendi ya Shule ya Tanga: wewe mwenye magunia nenda huku, wewe mwenye kimkoba panda hapa. Konda akiwa mvivu, gari zote mbili zinaharibikiwa njiani.

Ndani ya zile spika ndogo za pembeni jamaa akakuta konda ni kapasita moja tu, ndogo kama punje ya harage, mikrofaradi 2.2. Hesabu yake haina shida, hata wewe unaweza kuifanya kwenye simu: chukua 159,000, gawanya kwa omu za twita mara mikrofaradi za kapasita. Twita ya omu 8 na kapasita ya 2.2 inakupa kama hezi 9,000. Maana yake twita inaanza kazi pale ambapo mwimbaji karibu kamaliza kila kitu. Zile "s", "sh", "t" na "k", ambazo ndizo zinakufanya utofautishe "kata" na "pasa", nyingi ziko chini ya hapo. Spika kubwa nayo haikuwekewa kizuizi chochote, imeachwa ikimbie peke yake mpaka ichoke. Hapo katikati kuna shimo, na maneno ya wimbo ndimo yanamotumbukia.

Kwa hiyo jamaa hakuwa anaharibu kitu kizima. Alikuwa anafungua kitu kilichotoka kiwandani kikiwa nusu.

Fundi mzee na kompyuta

Hapa ndipo anaingia mtu wa tatu, fundi redio mmoja mzee mwenye kibanda karibu na soko. Huyu katengeneza redio tangu enzi za National za betri. Kaona Songea ya majenereta ya dizeli, umeme unapanda na kushuka, transfoma zinaungua kila wiki, mpaka mkoa ulipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa laini ya kutoka Makambako. Watu wa aina hii wanajua mambo ambayo YouTube haina.

Jamaa akamwonyesha. Mzee akaangalia, akasonya. Akachukua kapasita mbili za mikrofaradi 10 kutoka kwenye televisheni iliyokufa, akaziunganisha hasi kwa hasi. Ukifanya hivyo unapata kapasita moja ya 5 isiyojali chanya wala hasi, na kwa twita ya omu 8 unashuka mpaka kwenye hezi 4,000 hivi. Kisha akazungusha koili kwa waya wa shaba wa transfoma iliyoungua, akaifunga kwenye spika kubwa ili nayo iishie hapohapo. Gharama yake ni takataka za kibandani pamoja na soda moja.

Mwimbaji akatoka kwenye ndoo. Hapo hapo, kweupe.

Ila kapasita moja na koili moja zina mteremko mdogo, desibeli 6 kwa kila oktavu. Yaani konda kasema "usipande" lakini kasema kwa upole, na wenye magunia bado wanajipenyeza. Ukiweka singeli, ile ya kasi kweli, twita inaanza kulia. Mzee akaongeza kapasita kwa spika kubwa na koili kwa twita, mteremko ukawa 12, halafu akageuza waya za twita, chanya ikawa hasi. Jamaa akabaki mdomo wazi. Mzee hakumweleza kwa vitabu, alimwambia tu, "Usipogeuza, mmoja anavuta mwenzake anasukuma, mwanangu." Na ni kweli tupu. Kwa krosova ya aina hiyo, pale spika mbili zinapokutana zinakuwa zimepishana nusu mzunguko, zinauana. Mzee kalijua hilo kwa masikio.

Hapo wengi wangeishia. Jamaa akasema bado. Alitaka 24.

Namba hiyo ina historia. Mwaka 1976 mhandisi Siegfried Linkwitz, aliyekuwa Hewlett-Packard huko Marekani, alichapisha karatasi kuhusu krosova ambayo yeye na mwenzake Russ Riley waliifikia: mteremko wa desibeli 24, na pale spika zinapokabidhiana kazi jumla inabaki tambarare, haipandi wala haishuki. Mpaka leo mashine nyingi za kumbini zinatumia mpango huo. Kuijenga kwa koili na kapasita inawezekana, lakini ni vipande vingi, kila kimoja kinakula nguvu, na hesabu yote inaamini twita ni omu 8 muda wote, wakati kiukweli omu za spika zinabadilika kila sauti inapobadilika. Na ukikosea namba moja, unaagiza kipande Kariakoo, kinasafiri na basi karibu kilomita elfu moja, kinafika, unakuta umekosea tena.

Kwenye kompyuta unaandika 4,000. Hujapenda? Unafuta, unaandika 3,000. Sekunde moja.

Ndiyo maana ya ile laptopu kitandani. Muziki unakatwa vipande ndani ya kompyuta kabla haujafika kwenye amplifaya, kisha kila spika inapata amplifaya yake. Programu zipo za bure, Equalizer APO ya kuchuja na Room EQ Wizard ya kupima. Kadi ya sauti ya USB yenye njia sita, zile za 5.1, inatosha. Na amplifaya? Jamaa aliangalia sabufa yake: njia mbili za pembeni na moja ya bezi. Akachukua na sakiti ya sabufa nyingine iliyokuwa inaozea kwa mzee. Mbili na mbili, nne: wufa ya kushoto, twita ya kushoto, wufa ya kulia, twita ya kulia. Bezi ikabaki na yake. Hesabu ikakaa.

Sasa huyu ndiye mnamwita chizi?

Ile geto nayo ina kosa

Kuna jambo ambalo wanaomcheka wangelijua wangenyamaza, kwa sababu linawahusu wote waliopanga.

Chumba cha kupanga mara nyingi ni futi kumi kwa kumi. Mita tatu na kidogo kila upande. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, na chumba cha ukubwa huo kina noti yake kinachoipenda, kama hezi 56, iko ndani kabisa ya bezi. Kwa kuwa chumba ni mraba, kuta zote nne zinaipenda noti hiyohiyo. Ukikaa ukutani, inakuzamisha. Ukikaa katikati ya chumba, noti hiyo karibu inapotea kabisa.

Ona kinachotokea basi. Msela kaweka sabufa kwenye kona, ambako bezi inavimba zaidi. Yeye kakaa kwenye kigoda katikati ya chumba. Hasikii bezi. Anaongeza. Hasikii. Anaongeza tena. Bezi ipo tele, imejaa ukutani, na upande wa pili wa ukuta huo kuna mtu.

Kwa jamaa wa Lizaboni mtu huyo ni bibi mmoja, mpangaji wa chumba cha pili. Bibi ana redio ndogo, anasikiliza Radio Maria, ambayo kwa wasiojua ilianzia hukohuko Songea mwaka 1996. Rozari ya jioni ya bibi ilikuwa inasaliwa juu ya singeli. Aliwahi kugonga mlango na fimbo yake, akasema kwa utaratibu kabisa, "Wajukuu zangu, hiyo ngoma yenu inanipiga humu kifuani, naogopa." Washkaji wakamwamkia, wakapunguza, akaondoka, wakaongeza.

Kwa kompyuta jamaa alipima chumba. Simu mkononi inatosha kwa kulinganisha tu, huhitaji maiki ya gharama. Akakiona kilima kile kwenye 56. Akakikata desibeli 8, akaitoa sabufa kwenye kona, na kigoda akakisogeza kutoka katikati. Na hapa kuna siri ambayo wauza ekwalaiza hawakwambii: kilima unaweza kukikata, shimo huwezi kulijaza. Ukitaka kuongeza desibeli 10 unaiomba amplifaya nguvu mara kumi. Haina. Itapiga kelele, itachemka, itakufa.

Tangu siku hiyo muziki wa chumbani kwake unasikika vizuri ukiwa chini. Bibi hajagonga tena. Nchi ina kanuni za kelele na mitetemo tangu 2015 chini ya NEMC, lakini nani ameona afisa akija Lizaboni saa nne usiku na kipimo? Kilichomsaidia bibi ni kijana aliyeamua kupima badala ya kuongeza. Na masikio ya washkaji nayo yamepona, maana Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zinavumilika kwa saa 40 kwa wiki, ukizidisha hapo unalipa uzeeni.

Usiku twita zilipokufa

Isije ikaonekana jamaa ni malaika wa sayansi. Kiburi kilimponza.

Kwanza alijaribu kile kichujio kirefu cha kidijitali, kile cha FIR, kinachosahihisha hadi muda wa kila sauti. Kizuri sana kwa muziki. Lakini kinahitaji kusubiri. Chenye hatua 8,192 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde kinachelewesha sauti kama milisekunde 85. Mrembo akawasha tamthilia yake, akaangalia dakika mbili, akauliza, "We, mbona huyu dada anafunga mdomo ndiyo maneno yanatoka?" Jamaa akarudi kwenye vichujio vifupi bila kubishana.

Pili, na hili ndilo baya, aliing'oa kapasita ya mzee kwenye twita. Kwa nini ibaki, wakati kompyuta inachuja? Mzee alimwonya. Hakusikia. Jumamosi moja washkaji wamejaa, laptopu ikaamua kujisasisha. Ikajizima, ikawaka, muziki ukarudi lakini vichujio havikurudi. Bezi nzima ikaingia kwenye twita mbili zisizo na kinga. Palisikika "tsi", ikafuata harufu, halafu kimya.

Mzee aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Kompyuta inasinzia, kijana. Kapasita haisinzii."

Siku hizi kila twita ya jamaa ina kapasita ya mikrofaradi 20. Kwa omu 8 inaanzia kama hezi 1,000, mbali kabisa na 4,000, kwa hiyo haiingilii kazi ya kompyuta. Ipo tu kama mlinzi. Anayetaka kujaribu haya nyumbani aanzie hapo, asianzie kwenye majivu.

Na sasa ile hela

Haya yote ni matamu, lakini turudi kwa mrembo, maana maoni mengi yamemfanya aonekane mtu asiyependa maendeleo. Siyo kweli.

Mrembo anafanya kazi saluni ya mtu maeneo ya Mfaranyaki. Draya si yake, kwa hiyo kila kichwa anachokausha, sehemu ya hela inabaki kwa mwenye mali. Akiwa na draya yake, anahama, anafungua kibanda chake. Kwa hilo walikuwa na kibubu cha pamoja, yeye akitia nyingi kuliko jamaa. Jamaa akachukua bila kusema, akanunua sabufa mpya, akawaza atarudisha mwisho wa mwezi. Kisha twita zikaungua, na mwisho wa mwezi ukasogea.

Hilo ndilo kosa. Watu wameandika mamia ya maneno wakicheka kufumua sabufa, wachache sana wameandika kuhusu kuchukua hela ya mwenzako kimya kimya. Angechukua hela hiyohiyo akanunua simu ya bei, au viatu, kusingekuwa na picha, na baadhi ya hao wanaocheka wangempa hongera. Kinachowaudhi ni kwamba kanunua kitu halafu anataka kukielewa.

Na ubaya zaidi, sabufa mpya haikuhitajika. Hilo alilijua akiwa kashachelewa. Pale kwa mzee kuna mizoga ya kutosha: sakiti zinafanya kazi, spika zimechanika kidogo tu, transfoma za kuzungushia koili. Majaribio yote haya yangefanyika kwa vitu vilivyotupwa, na draya ingekuwa inavuma saa hizi. Kijana anayeanza kujifunza akanunue kipya kwa kazi gani? Anunue kibovu. Kikiungua hakuna anayelia.

Lakini pia wakubwa wasijifiche nyuma ya kicheko. Mji una fundi ambaye masikio yake yanajua kitu kilichoandikwa kwenye karatasi za wahandisi, na una kijana anayeweza kukipima. Wamekutana kwa bahati, kwa sababu ya sabufa mbovu. Mzee hana mwanafunzi mwingine. Wengi wanampita wakielekea kununua boksi lenye namba kubwa zaidi.

Kwa sasa hali iko hivi. Jamaa anamrudishia mrembo kidogo kidogo kwa M-Pesa kila wiki, na Jumamosi mzee kampa pembe ya meza pale kibandani, watu wawili watatu wameshapeleka sabufa zao "zitolewe kwenye ndoo". Draya bado haijanunuliwa. Picha bado haijafutwa.

Mrembo aliulizwa na shoga zake kama angalau sauti imekuwa nzuri. Akasema ndiyo, ni nzuri sana, mpaka anasikia mwimbaji akivuta pumzi.

"Ila nywele hazikaushwi kwa sauti."

Wewe ungekuwa mrembo ungemsubiri amalize kulipa, au ungebeba na laptopu ukaondoka? Na wewe msela uliyeweka sabufa kwenye kona, upande wa pili wa ukuta wako anaishi nani? Tupia maoni hapo chini.